Mikia Kumi, Magoti Manane

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Natanguliza kusema hivyo ili msomaji asijisumbue kumtafuta mwingine. Tulikuwa watatu tu pale mlangoni, na wawili walikuwa na akili zao timamu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Dada yangu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, katikati ya mlango, jua likimpiga miguuni, akikata vitunguu kwenye sinia alilolipakata. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele yake nikisugua fremu ya kiti kwa kitambaa, ingawa ilikuwa inang'aa tayari. Geti likalia, akaingia mkaguzi wa karakana yetu, mama wa miaka hamsini na ushei, miwani imefungwa uzi nyuma ya kisogo, kikapu mkononi. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka miwili bila kumwona nje ya karakana hata siku moja. Kumwona pale uani ilikuwa kama kuona tanuri limetoka kutembea.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, mama," dada akajibu. "Wewe bwana, mletee mama kiti."

"Sikai sana, mwanangu. Nimekuja kumwona mgonjwa."

Dada akanitazama. "Hapa hakuna mgonjwa, mama. Labda huyu, na ugonjwa wake ni mdomo."

"Yupo," akasema yule mama, akikishusha kikapu taratibu. "Umemkalia."

Akafunua kitambaa. Nikaona mpini wa msumeno wa chuma.

Karakana nzima ilimwita Bibi Msumeno, ila usoni pake alikuwa mama. Mimi waliniita Chiriku, na sikuwahi kudai walinionea. Nilifika pale nikitoka kwenye banda la kuyeyushia vyuma chakavu, ambako nilisubu sufuria, yaani kumimina metali iliyoyeyuka kwenye umbo igandie humo, tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Banda lile lilinifunza mambo mawili: namna ya kuungua mikono bila kupiga kelele, na namna ya kukipendezesha kitu kibovu. Sufuria haihitaji ukweli mwingi. Ikiwa na kasoro ndani ya unene wake, itachemsha maji miaka kumi na hakuna atakayejua. Ukiing'arisha vizuri kwa msasa, mnunuzi anajiona kwenye sufuria na kuridhika, maana hakuna anayejichukia kwenye kioo.

Fundi mkuu wa karakana alikuwa na ndoto tofauti. Alitaka kutengeneza kiti cha magurudumu ambacho mwenye kukikalia anaweza kukinyanyua mwenyewe kwa mkono mmoja na kukitia garini. Mabomba mepesi ya fremu yalipatikana. Kilichokosekana ni kiungo, kile kipande kilichojipinda kinachoshika ekseli ya gurudumu na kuibeba fremu. Sisi tulikiita goti. Kila kiti kina mawili, kulia na kushoto, na uzito wote wa mtu hupita hapo. Goti la chuma lilikuwa imara lakini zito. Tukaamua kulisubu kwa alumini iliyochanganywa na silikoni ili itiririke vizuri, na chembe ya magnesi ili ipate ubavu. Mchanganyiko huo ukiwa baridi ni mtiifu kabisa. Ukiwa moto una visirani vyake, na ilituchukua mwaka mzima kuanza kuvijua.

Kwa nini mimi, mtu wa mizaha, niliipenda ndoto ya mtu mwingine kiasi kile? Kwa sababu ya kiti kimoja tu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, dada kumi na mitano, miguu yake ikiwa imeshakufa tangu utotoni. Alinilea akiwa amekaa. Watu hudhani mlezi wa namna hiyo hukimbiwa kirahisi. Hawakuijua sauti yake. Ilinifuata mpaka kona ya tatu, ikanikamata ukosi, ikanirudisha nyumbani kunawa miguu. Na kiti chake cha chuma kilikuwa kizito kama mfuko wa saruji, chenye tabia ya punda aliyechoka. Hakuweza kukivusha hata kizingiti bila mtu.

Kisha, akiwa na miaka thelathini na minane, akapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Angeanza Jumatatu.

"Nitakuwa nawakaribisha watu wanaolia," aliniambia siku alipopata barua. "Nina uzoefu. Nimekulea wewe."

Kliniki ilikuwa mlimani. Kutoka lango lake hadi mlangoni kulikuwa na mteremko wa zege, mrefu, uliolala vibaya, na kichwani pake ilipita barabara ya malori. Asubuhi ungepanda, jioni ungeshuka. Samahani, ile barabara nimeiweka kinyume, na dada angenicheka: lango ndilo lilikuwa chini, pamoja na malori, na mlango ulikuwa juu. Jioni, mtu akishuka pale na goti la kiti likamkatikia, kitu cha kwanza cha kumpokea kingekuwa gurudumu la lori.

Hilo nililijua. Nililiona kwa macho yangu nilipokwenda kuupima mteremko kwa hatua. Na bado nilifanya nilichofanya.

Desturi ya Bibi Msumeno ilikuwa hii. Kila tuliposubu magoti kumi, aliyapanga mezani kwa mstari, akapita mbele yake mikono nyuma, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kisha alilichukua moja, akalibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akalikata katikati. Si lile lenye ufa wala lile lililopinda. Alichukua zuri kuliko yote, kila mara. Ukimimina goti likatoka kama limezaliwa na mama yake, ujue hilo ndilo la msumeno.

Nilimlalamikia mara moja. "Mama, unawaonea warembo."

"Baya linajisema lenyewe, Chiriku," akanijibu bila kuinua kichwa. "Zuri ndilo la kuulizwa."

Ijumaa ile, siku tatu kabla ya dada kuanza kazi, zamu ya kumimina ilikuwa yangu. Niliuzidisha moto makusudi ili metali ikimbie mpaka kwenye pembe nyembamba za kalibu, lile umbo la kumiminia. Nikainua upawa juu, nikamimina kwa mbwembwe, kama muuza chai anayetaka watu wasimame kumtazama. Magoti kumi yakatoka. Mawili, la kulia na la kushoto, yalikuwa mazuri kiasi kwamba nilinyamaza, jambo ambalo wenzangu wangeweza kulitolea ushahidi. Nikayakata mikia yake kama yale mengine manane, yaani ule mshipa wa metali unaobaki pale ulipomiminia, nikayafunga ndani ya ovaroli chafu, nikayatia mkobani. Kwenye daftari nikaandika: mawili yameharibika, yamerudishwa chunguni.

Jumamosi nikayafunga kwenye fremu nyepesi iliyokuwa ikisubiri nyumbani. Dada alikaa, akajisukuma mara moja tu, na kiti kikavuka ua kama kimeitwa. Akazunguka. Akazunguka tena. Akajihamishia kwenye ngazi, akakishika kiti kwa mkono mmoja, akakiinua juu ya kichwa chake, akakishikilia huko, akinitazama chini ya magurudumu.

"Miaka thelathini na minane," akasema, "ndiyo kwanza nimepata magoti."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta spana.

Sasa turudi pale mlangoni, vitunguu vikiwa bado kwenye sinia.

"Umejuaje, mama?" nikauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hana la kuficha, sauti ambayo hutumiwa na wenye la kuficha tu.

"Nilifagia," akasema Bibi Msumeno. "Kwenye sanduku la mabaki kulikuwa na mikia kumi. Mezani magoti manane. Goti lililoharibika hurudi chunguni na mkia wake, baba. Hakuna anayemnyoa maiti."

Dada alikuwa amekiweka kisu chini. Alimgeukia mgeni, akamwuliza kwa adabu kabisa, kana kwamba mimi ni mtungi uliowekwa pale, "Haya ninayoyakalia hayajakaguliwa?"

"Hayajakaguliwa, mwanangu."

"Dada, kiti umekizungusha jana kutwa nzima," nikadakia. "Kimelia hata kidogo?"

"Uani hakuna mteremko," akasema Bibi Msumeno.

"Haya ndiyo mazuri kuliko yote niliyowahi kumimina. Wallahi, mama, nakuapia."

"Nakuamini. Ndiyo maana nimetoka nyumbani Jumapili."

Dada akafikiri. Nilimjua anavyofikiri, alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto kama umeandikwa kitu. "Ukikata, mama, na likawa zima?"

"Nitakuomba radhi hapa hapa, na kesho nitakusukuma mwenyewe mpaka kliniki, kwenye kile kiti cha zamani."

"Na likiwa bovu?"

"Atakusukuma yeye."

Dada alijishika kwenye fremu ya mlango, akajishusha kutoka kwenye kiti hadi kizingitini, kwa utulivu, kama alivyofanya maelfu ya mara maishani mwake. "Kata, mama," akasema.

Nililifungua goti la kulia mwenyewe. Hatukuwa na jiliwa, kwa hiyo Bibi Msumeno aliliweka juu ya ngazi, akalikanyaga kwa kiatu, akaniambia nilishike upande wa pili. Msumeno ukaanza kulia. Ni sauti niliyoisikia kila siku kazini na kamwe sikuwahi kuisikia vile. Unga mweupe wa metali ulimwagika kwenye pindo la gauni la dada, naye hakuupangusa. Katikati ya safari msumeno ulibadilisha sauti, ukawa unapita haraka mno, kama umeingia kwenye mkate.

Vipande vikaachana.

Ndani, pale lilipojipinda, palikuwa na vishimo vingi vidogo kama vya sifongo, na kati yake ulikuwa umelala utando wa kijivu, umejikunja, kama ule utando wa maziwa yaliyochemka ukiuvuta kwa kijiko. Metali nzima iliyobaki pembeni ilikuwa na unene wa kucha. Dada alikichukua kipande kimoja, akaingiza ncha ya kidole chake kidogo kwenye shimo kubwa. Iliingia.

Hakunigombeza. Nilimsubiri anigombeze, maana huko ningepata pa kujitetea. Alinipa tu kile kipande, akasema, "Kiweke mahali utakapokuwa unakiona."

Kesho yake nilimsukuma mpaka kliniki kwenye kiti cha chuma, nikampandisha ule mteremko huku nikihema kama treni, na jioni nikamshusha, kisigino baada ya kisigino, mgongo wangu ukiwa breki. Nilifanya hivyo kwa miezi minne na siku kadhaa. Nikiulizwa leo ni wakati gani wa maisha yangu ningependa kuurudia, nitautaja huo, na watu watadhani natania kama kawaida yangu. Tangu utotoni sikuwahi kuzungumza na dada saa nzima kila asubuhi. Alinisimulia mama yetu alivyokuwa akicheka. Aliniambia usiku nilipougua surua aliogopa nini. Mambo haya huambiwa na mtu ambaye humwoni uso, aliye mbele yako kwenye kiti, mkiwa mnapanda mlima.

Kazini adhabu yangu ilitoka kwa fundi mkuu, lakini ilinukia Bibi Msumeno: magoti yote sitini yaliyokuwa yamekataliwa na kurundikwa stoo, niyakate moja moja, kwa mkono, na nichore kwenye daftari nilichokiona ndani ya kila moja. Kumi ya kwanza niliyakata kwa hasira. Kumi ya pili kwa uchovu. Karibu na la thelathini nilianza kukata kwa hamu, maana michoro ilikuwa inafanana. Utando ulikuwa upande mmoja daima, pale metali ilipoangukia baada ya kuruka kutoka kwenye upawa. Vishimo vilizidi siku za moto mkali na siku ambazo vyombo havikukaushwa vema. Ile mbwembwe yangu ya muuza chai ilikuwa inachapa metali, inaikunja, inaifungia ngozi yake ya juu tumboni.

Tukapunguza moto. Tukakausha kila kitu, hata vijiko, mpaka wenzangu wakasema siku moja nitaanika glovu zangu na mikono ikiwa ndani. Vishimo vikapungua, lakini utando ulibaki. Mradi metali ilikuwa inaanguka, ilijikunja.

Jioni moja nilimfuata dada kliniki nikamkuta ananingojea na chupa ya soda. Nikaimimina kwenye glasi, povu likapanda likamwagika mezani pake, juu ya kadi za wagonjwa.

"Bado humimini," akasema, akipangusa. "Unamwagia. Nilikufundisha ukiwa na miaka saba." Akaichukua glasi nyingine, akailaza, akailaza na chupa, midomo ikabusiana, kisha akaviinua vyote viwili pamoja, polepole. Soda ikateremka ubavuni mwa glasi kimya kimya. Hakukuwa na povu.

Nilibaki nimeshika kitambaa. Namna hiyo ya kumimina wengine duniani walishaigundua zamani, nilikuja kusoma baadaye. Lakini mimi niliipata pale, kwenye meza ya mapokezi, na mgonjwa mmoja ameshika shavu akituangalia.

Tulichomea kitanda cha chuma kinachozunguka kwenye mhimili, kalibu na kikombe cha metali vikiwa vimefungwa pamoja, mdomo kwa mdomo, vimelala. Ukizungusha mkono wa kitanda, metali haianguki, inatembea. Ukizungusha kwa pupa inaruka, ukichelewa inaganda njiani. Tulipata mwendo wake kwa kuhesabu kwa sauti, na kwa wiki tatu nilikuwa nahesabu hata nikioga.

Siku tulipopata magoti kumi ya kwanza, Bibi Msumeno aliyapanga, akapita mikono nyuma, akachukua zuri kuliko yote. Akalikata. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua la pili kwa uzuri, akalikata. Akachukua la tatu, akalikata. Karakana ilikuwa imesimama. Alipomaliza alipangusa msumeno, akaufunga kwenye kitambaa chake, akasema, "Yaliyobaki saba. Chagua mawili, mpelekee dada yako." Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na sikuwahi kuhitaji nyingine.

Dada ameushuka ule mteremko miaka kumi na moja sasa, peke yake, na nasikia huushuka kwa kasi inayowatisha madaktari. Bibi Msumeno amestaafu. Msumeno aliniachia mimi, na sasa mimi ndiye ninayepita mbele ya meza mikono nyuma, na mafundi hugumia ninapoinua lile walilolipenda. Nawasikia wakisema pembeni kwamba nawaonea warembo.

Mezani pangu kuna vipande vinne vya magoti. Wageni huvichukua, huvitazama, na hutikisa kichwa kwa vile viwili vyenye vishimo. Kisha huviinua vile vingine viwili, ambavyo ndani yake ni safi, vimekaza, vinang'aa kama sabuni iliyokatwa na uzi, na wote huniuliza jambo moja: hili zima lilikatwa kwa nini?

Ni haki yao kuuliza. Kipande hicho cha asubuhi ile nilikiruka.

Baada ya goti la kulia kufunguka vile, Bibi Msumeno aliniamuru nilitoe na la kushoto. Tukalikata. Msumeno ulilia kwa sauti moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na vipande vilipoachana hapakuwa na kitu ndani. Hapakuwa na kishimo wala utando. Lilikuwa zima kabisa, zima kuliko lolote tulilokuwa tumewahi kupata mpaka siku ile, na mimi, ambaye dakika tano kabla nilitamani ardhi inifiche, niliruka pale kwenye ngazi kama niliyeshinda kesi.

"Mama, unaona," nikasema. "Dada, ona. Angalia hili. Umelikata bure, mama. Si nilikwambia? Mkono wangu si mbaya kiasi hicho. Katika mawili, moja ni zima kabisa."

Bibi Msumeno alivikusanya vile vipande vinne, akanitia mikononi kimoja baada ya kingine. Kisha akamtazama dada yangu aliyekuwa ameketi kizingitini na unga wa metali kwenye gauni, akanirudishia macho mimi.

"Na dada, baba," akaniuliza, "unao wangapi?"